Kiti cha Kuonjea

Tarehe 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Weka hayo majani pembeni, tema kwenye beseni lako, kaa vizuri, halafu ndiyo usome.

Nina mimba. Usipige kelele, Mjomba atasikia. Nimeingia mwezi wa tano. Sikukuandikia mapema kwa sababu zile mbili za kwanza nilikuandikia mapema, na unajua zilivyoishia. Safari hii nilisema nitafunga mdomo mpaka tumbo lenyewe liseme. Wewe unanijua, kunyamaza miezi minne kwangu ni sawa na kubeba gunia la saruji kichwani.

Mkunga wa zahanati amenilaza kitandani. Siruhusiwi kushuka ila kwa haja, na hata hiyo kwa kushikwa mkono. Upande wa miguuni kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, kwa hiyo damu yote imehamia kichwani na maneno yamezidi, kana kwamba yalikuwa machache. Mama mkwe amehamishia kiti chake mlangoni. Anasuka ukindu, na nikitikisa goti tu nasikia, "Wee!" Dirisha linaangalia ukuta wa jengo la pili na bomba la maji machafu. Mume wangu, fundi bomba kama unavyomjua, anasema limefungwa vibaya, na sasa hakuna kingine ninachofikiria mchana kutwa ila kiungo cha bomba la watu.

Sasa shida yangu. Nitumie mlazadamu. Nimeshamweleza Mkunga kwamba nyumbani kwetu wanawake wakiona damu isiyotakiwa hunywa majani hayo. Hakunicheka. Amesema nikiyapata nimwonyeshe kwanza, na nisithubutu kuacha dawa zake. Nimekubali. Ninachotaka ni kuwa nayo chini ya mto, nijue yapo.

Na ahadi yako iko palepale? Ulisema siku nitakayojifungua utakuwa umenishika mkono. Mwambie Mjomba akupe ruhusa kuanzia sasa, maana ruhusa ya Mjomba huiva polepole.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 15 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, tena marahaba, na moja ya ziada ya huyo aliye tumboni. Kelele nilipiga. Mjomba akaja mbio kutoka dukani, nikamwambia nimeona panya. Akatafuta panya mpaka chini ya magunia, maskini, na mimi nimekaa kwenye kiti nalia huku nacheka.

Huku ni kulekule. Chumba cha kuchambulia ni kilekile, kidirisha juu kabisa utafikiri kilichongwa kwa ajili ya twiga. Wachumaji wanaleta, mimi natafuna, natema, nasema hili ndilo, hili silo. Kicheko tulichopata ni wiki iliyopita tu. Nilitia chumvi kwenye birika la chai badala ya sukari. Mjomba alipiga funda moja akatoka mpaka uani, mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kikombe changu na kuongeza kingine. Wachumaji sasa wananiita Bi Chumvi.

Kuhusu mlazadamu, mdogo wangu, safari hii hakuna. Kile kichaka chetu cha uani nimekichuma mpaka kimebaki vijiti vya kufagilia. Sikufichi, kila siku nawarudisha watu mikono mitupu. Kinyozi amekuja, anasema wateja wake wakikatwa anawapaka shabu nao wanaruka. Mchinjaji amekuja na kidole amekifunga kitambaa. Yule mama anayeng'oa meno amekuja mara mbili. Seremala yeye anataka magome tu, ya kuloweka na kupakia mbao zisiliwe na mchwa, hayo nimempa.

Lakini yakipatikana, usisahau. Yasiguswe na jua. Yanatundikwa kivulini kwenye uzi, majani yakiwa yamegeuza mgongo. Ujazo wa kiganja unatiwa kwenye maji baridi, siyo ya moto, yachemke nayo pamoja mpaka maji yawe rangi ya kutu. Unayaacha yapoe yenyewe. Unakunywa kwa funda ndogondogo, asubuhi, kabla hujasema na mtu. Hilo la mwisho kwako ndilo gumu.

Na zaidi ya yote kumbuka ana pacha wake, mfungulia. Jani lilelile, vinyweleo vilevile kwa chini, wanaota wamekumbatiana mlima mzima. Mfungulia si mbaya ukimjua, unamkanda mtu jipu likapasuka, unamwosha mtu aliyevilia damu. Ila anachokifanya ni kufungua. Mwenye mimba hata asimnuse.

Mjomba amesema hakuna ruhusa mpaka nimalize magunia. Nitamaliza. Msikilize Mkunga, na uache kumchokoza mama mkwe.

Wako,
Dada


Tarehe 26 Februari

Dada,

Juzi niliona damu. Si nyingi. Mkunga alikuja, akanichoma sindano, akaongeza tofali moja kila mguu wa kitanda. Sasa nimelala kichwa chini kama popo. Tangu juzi nahesabu kila pumzi.

Na jana kapita dereva wa lori, yule anayepeleka unga huko kwenu. Mume wangu alimuuliza habari za nyumbani. Anasema alipita dukani kwa Mjomba kusalimia, na chumba cha kuchambulia kimejaa magunia mpaka darini. Amekuona kwa macho yake, umekaa kwenye kiti, umezungukwa na majani pande zote.

Hakuna, Dada? Mpaka darini, halafu hakuna?

Ngoja nikuambie nilichokuwa nakifikiria hapa kitandani, na kama nakosea Mungu anisamehe. Mama alipofariki wewe ulikalishwa kwenye kile kiti kwa sababu wewe ndiye mkubwa, na mimi nikaondoka nikaolewa. Hujawahi kunilaumu hata siku moja. Sasa naona lawama ilikuwepo, ilikuwa imekaa tu inangoja siku yake. Mimi nina mume, nina kitanda changu, karibu nina mtoto. Wewe una beseni la kutemea. Sawa, nakuelewa. Lakini usimlipizie mtoto.

Namwandikia Mjomba mwenyewe.

Chiriku


Tarehe 6 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na imenihuzunisha. Pole sana mwanangu kwa kulala. Umefanya vizuri kuja kwangu moja kwa moja, mjomba ni mama asiye na ziwa.

Pamoja na barua hii pokea kifurushi cha majani. Nimeyachukua mwenyewe kutoka gunia la juu. Dada yako hajayapitisha, kwa sababu dada yako siku hizi hapitishi kitu. Nitakwambia ukweli kwa kuwa umekuwa mtu mzima. Amegoma. Tangu mwaka jana anatafuna, anatema, anatikisa kichwa. "Silo." Gunia baada ya gunia, silo, silo, silo! Mlima ni uleule, wachumaji ni walewale, majani yamekuwaje? Aliomba ruhusa ya kuja kwako, nikasema bado, na mgomo ukazidi. Anadhani nikichoka nitamwachia.

Mimi sichoki. Nimefunga mlango wa uani na ufunguo ninao mfukoni, mpaka atakapotia akili. Chakula anapelekewa, hapigwi, hatukanwi. Lakini ulimi ule si mali yake peke yake. Bibi yenu alikuwa nao, akampa mama yenu, mama yenu akampa yeye. Mimi mwenyewe nikitafuna nasikia uchungu tu. Nyumba nzima hii imekaa juu ya ulimi wake na yeye anaukunja.

Kunywa upone. Majani ya mlima wetu hayajawahi kumdhuru mtu.

Mjomba wako


Tarehe 7 Machi

Chiriku, USINYWE.

Usinywe, usinywe. Kama umeshachemsha, mwaga. Kama umeshakunywa, mwite Mkunga sasa hivi na umwambie huenda ni mfungulia, nilivyokueleza unavyofanya.

Mjomba amenipitishia habari mlangoni jioni hii, kwa kujisifu, kwamba amekutumia majani ya gunia la juu. Nimegonga mlango mpaka mkono umevimba. Simu iko kaunta na yeye amelala palepale kaunta. Barua hii nampa Mchumaji, yule mama mwenye kibiongo, kupitia chini ya mlango. Ameapa ataipandisha basi la kwanza. Naomba Mungu basi lisiharibike.

Sikuwa na choyo. Sikuwa na kinyongo. Ulimi wangu umekufa, mdogo wangu.

Ulianza mwaka jana. Unajua mlazadamu unapoutafuna uchungu unakuja kwanza, halafu utamu unapanda taratibu kutoka nyuma kooni. Mfungulia ni uchungu mwanzo mwisho. Basi, ule utamu ukaanza kuchelewa. Nikawa nangoja. Siku moja haukuja kabisa. Nikasema nina mafua. Baadaye na uchungu nao ukaondoka, na chumvi, na sukari. Ile chai niliinywa vikombe viwili na sikujua kitu. Miaka yote hii ya kutafuna na kutema, majani yameukausha. Sasa nikiweka jani mdomoni naona nimeweka karatasi.

Ningepitisha nini? Ningebahatisha? Ningempa mwanamke aliyejifungua jani la kubahatisha? Nikaona heri niseme silo, silo, kwa kila kitu. Nikawa nampa mtu majani ya kile kichaka cha uani tu, ambacho Mama alikionja na mimi nilikionja tangu mdogo, na kikaisha.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Mjomba. Kwa sababu yako. Siku nitakayosema ulimi umekufa, siku hiyohiyo atakumbuka kwamba Mama alikuwa na binti wawili. Ulikuwa unaiba majani mezani ukiwa mdogo, unayatafuna chini ya meza, na hakuna aliyekuuliza kamwe unasikia nini. Mimi nilikuona. Nilikuona ukitabasamu ule utamu ukipanda. Nikanyamaza mpaka ukaolewa ukaenda zako.

Kwa hiyo niko humu. Nikisema, utakaa wewe. Nisiposema, nakaa mimi. Nakupenda mpaka naumwa. Usinywe.

Dada


Tarehe 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni adabu, na adabu yenyewe imeishia hapo.

Umenitumia mfungulia! Mwanamke amelazwa kichwa chini kuzuia damu, wewe unamtumia jani la kufungua damu, na unaandika "kunywa upone"! Mama mkwe alikuwa ameshaweka sufuria jikoni. Nikasema ngoja, nimekumbuka utoto, nipe jani moja nitafune. Nilitafuna nikangoja utamu. Uchungu, uchungu, uchungu. Nikatema. Nikachukua la pili, la tatu, nikapekua kifurushi kizima jani moja moja, natafuna na kutema bila kumeza, mdomo umekuwa kama nimelamba betri. Katika kifurushi chote mlazadamu ni majani manne tu, nimeyaweka pembeni. Mengine yote ni mfungulia.

Kwa hiyo Dada hagomi! Anasema silo kwa sababu silo. Nami nimemtukana kwa barua, masikini dada yangu, na wewe umemfungia mlango kwa kusema kweli. Wachumaji wako wanakuchumia takataka na wewe unamlaumu anayekuonyesha.

Fungua huo mlango leo.

Chiriku


Tarehe 14 Machi

Dada, Dada, Dada,

Sijanywa. Tulia. Mtoto anacheza, jana ameupiga teke ukindu ambao mama mkwe aliuweka juu ya tumbo langu mpaka ukaanguka, mama mkwe akaapa ni wa kiume. Mkunga anasema damu imekata yenyewe na tofali moja litatolewa.

Barua yako imefika leo, basi liliharibika kweli, na nimeilowesha yote kwa machozi. Nisamehe ile barua yangu ya beseni. Kila neno. Sikujua, lakini hata bila kujua hayo ningepaswa kukujua wewe.

Lakini kaa chini. Barua zetu zimepishana. Kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshamwandikia Mjomba. Kwa hasira, kwa kukutetea. Nimemwambia nimetafuna na nimejua. Nimemwambia mpaka majani manne.

Dada, nimemwambia mwenyewe kwa mkono wangu.

Chiriku


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea kama mzazi, wala sikukasirika. Kinyume chake, niliposoma ile habari ya majani manne nilikaa chini nikalia. Manne yalikuwa ndiyo, na dada yako aliyasema silo yote; nikakumbuka na ile chai ya chumvi. Nilimwita, nikamwekea jani mkono mmoja na chumvi ya mawe mkono mwingine, aonje. Amekiri. Kumbe masikini ni mgonjwa, na mimi nilidhani ni mkaidi.

Lakini Mungu hafungi mlango huu bila kufungua ule. Ulimi haukufa, umehama tu. Uko kwako.

Basi mimi nimepanga hivi. Ukishajifungua na kupata nguvu, utarudi nyumbani. Chumba nakipaka chokaa. Kiti nimekipelekea fundi, kinatiwa mto mpya, maana wewe utakaa na mtoto mapajani. Mumeo naye aje, mabomba yapo kila mahali duniani na hapa yanavuja sana. Nimeshamwandikia, na amenijibu kwa heshima kwamba atafikiria. Dada yako siku utakayokaa wewe atakuwa huru kwenda anakotaka. Amekuwa akililia hilo, sivyo? Uhuru wake uko mikononi mwako. Kabla ya hapo siwezi kumwachia, nyumba haiwezi kubaki bila mtu kwenye kiti, watu wataanza kusema.

Fikiri kama mtu wa ukoo.

Mjomba wako


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Usije. Nimesikia alichokuandikia, alinisomea kwa sauti kabla hajaifunga, anaona ni zawadi.

Usije hata nikikuandikia mimi mwenyewe nikikuita. Mwambie ulibahatisha. Mwambie umetafuna tena umesikia uchungu mtupu, wajawazito ndimi zao hubadilika, kila mtu anajua hivyo, atakuamini. Mimi hapa nimeshazoea. Kiti kimepelekwa kwa fundi, nakalia gunia.

Na wala usimgombeze mumeo kwa kujibu kwa heshima. Angejibuje?

Ninalolilia ni moja. Wewe ukikaa humu, yule mtoto atajifunza kutambaa kati ya magunia. Ataokota jani, atalitia mdomoni kama ulivyofanya wewe. Halafu Mjomba atamwangalia usoni kuona kama anatabasamu.

Dada yako


Tarehe 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimejifungua salama tarehe mbili. Mtoto mzima, sauti kama yangu, jengo zima linajua. Dada hakuwepo kunishika mkono. Nilimshika Mkunga, nikamwumiza vidole.

Umeniandikia barua tano tangu mwezi wa tatu na sikukujibu, kwa sababu nilikuwa nabeba mtu na sikutaka asikie. Sasa ametoka, tuzungumze.

Dada alinishauri nikudanganye kwamba nilibahatisha. Sidanganyi. Ulimi ninao. Mkunga amenichanganyia majani ya kile kifurushi chako akanifunga macho, nimeyatenga yote. Na siji. Sitakaa kwenye kile kiti, si kwa mto mpya, si kwa chokaa, si kwa machozi yako.

Sasa sikiliza. Tangu mwaka jana duka lako halina ulimi. Magunia yako hayajaonjwa. Mpaka leo wanaojua ni wewe, mimi na Dada, pamoja na mume wangu, mama mkwe na Mkunga. Usipomfungulia Dada mlango, nitawaandikia kinyozi, mchinjaji, mama mng'oa meno na kila zahanati iliyowahi kununua kwako. Nitawaandikia kwa mwandiko wa kusomeka. Hakuna atakayegusa hata fagio lako. Na kama umeshamuuzia mtu hata jani moja la hayo magunia, acha kusoma barua hii, kimbia ukamtafute.

Nimetuma nauli yake ndani ya bahasha. Ikipotea nitajua.

Sikuchukii, Mjomba. Ulitulea. Lakini mtu analelewa ili atoke, au sivyo alelewe kwa nini?

Chiriku


Tarehe 16 Julai

Mpwa wangu,

Hongera kwa mtoto. Sikuuza. Mimi ni mkali lakini si muuaji.

Umenitishia, na tisho nimelipokea. Mlango wa uani uko wazi tangu jana asubuhi. Ufunguo nimemkabidhi mkononi, na nauli pia. Nilimwambia nenda.

Yuko ndani. Amekaa kwenye gunia. Nimemwambia mara ya pili, nikafika mpaka kumbebea sanduku lake nikaliweka nje. Akatoka akalirudisha. Basi usiseme tena kwamba ni mimi.

Hukuandika kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Dereva wa lori ameniambia ni wa kike. Hongera tena.

Mjomba wako


Tarehe 17 Julai

Chiriku wangu, sasa mama wa mtu,

Hongera, hongera, hongera. Nimecheza peke yangu humu chumbani, na safari hii Mjomba aliposikia kelele hakutafuta panya.

Anasema kweli. Mlango uko wazi. Nitakueleza, na usinicheke, maana mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka.

Nilivaa nguo yangu ya kutokea. Nikafika mlangoni. Barabara ile ya mbele imejengwa maduka mengine, unajua? Sikujua. Kuna mtu anauza matairi mahali palipokuwa na kisima. Watu wanapita kwa kasi, wanajua wanakokwenda. Kinyozi akaniona, akapiga kelele, "Ulimi! Leo umetoka?" Nikasema ndiyo, halafu sikujua niongeze nini. Maisha yangu yote watu wananiita Ulimi, na sasa hata huo sina. Nikija kwako nitakuwa nani? Siwezi hata kupika, nitawatilia chumvi. Mtoto akiugua utaniuliza dawa nami nitakupa karatasi. Nikageuka. Nikarudi, nikakaa. Nilipokaa nikaona raha, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Nimejaribu tena leo. Nimefika kizingitini, nikaona mkono wangu umeshika mlango, siyo kuusukuma, kuuvuta.

Kufungwa na Mjomba nilikuwa nakuelewa. Nilikuwa namchukia kidogo, nakupenda wewe sana, siku inapita. Sasa hakuna anayenifunga na siwezi kutoka, nimchukie nani?

Nilikwambia usije hata nikikuita. Niliandika hivyo nikijua hasa nisemacho, na nilikuwa na haki. Mjomba ameshauliza mara mbili mtoto ana uzito gani. Humu ndani si mahali pako wala pa mtoto.

Njoo unichukue, mdogo wangu. Nakuomba. Peke yangu sitoki.

Dada


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Nakuja. Mkunga amesema mtoto anaweza kusafiri, mimi nisinyanyue kitu kizito. Wewe si mzito.

Nakuja na mtoto kifuani, sitamweka chini hata dakika, si kwenye gunia, si kwenye mto mpya, si mikononi mwa mtu. Mume wangu anakuja na mfuko wake wa spana, endapo mlango utakuwa umebadili mawazo. Mama mkwe naye anakuja, hakuna aliyemwalika, amesema anataka kumwona huyo Mjomba uso kwa uso. Namwonea Mjomba huruma.

Sitapita dukani. Nitaingia uani, nitakushika mkono, tutageuka, tutatoka. Mdomo wangu nitaufunga kuanzia kituo cha basi, mimi Chiriku, mpaka tutakapoiacha ile barabara. Mjomba akileta chai sitainywa. Akileta maji sitayaonja.

Unaniuliza kwangu utakuwa nani. Sijui, tutatafuta. Mwanangu naye bado hajui yeye ni nani na hakuna anayemharakisha. Chumvi nitatia mimi.

Basi linafika Jumamosi mchana. Wewe usifanye kitu chochote. Usisogee mlangoni, usijaribu, usijipime tena. Vaa viatu tu, ukae navyo.

Mdogo wako,
Chiriku